Uzi: Tamthilia za vichekesho za Uingereza ambazo hazitajwi, zile za chumba kimoja

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Yanapoanza mazungumzo kuhusu vichekesho vya televisheni ya Uingereza, majina yanayotajwa huwa ni yaleyale: Mr. Bean, Mind Your Language, Fawlty Towers na, kwa walio vijana zaidi, The Office. Sina ugomvi na hata moja kati ya hizo. Fawlty Towers ina sehemu 12 tu, 6 za mwaka 1975 na 6 za mwaka 1979, na zote nimezirudia mara nyingi mno. Lakini zipo nyingine nilizozifahamu baada ya kuhamia huku na kuanza kazi za usiku, nilipokuwa nikirudi alfajiri na usingizi umeshakata, nikawa natazama chochote kilichopo. Hizo ninaziweka juu ya zile zinazotajwa kila siku, na inanisikitisha kuona wapenzi wa vichekesho wanazipita bila kujua kwamba zipo.

Nikizitazama kwa pamoja naona zina tabia moja. Zinachukua chumba kimoja, zinaingiza watu wachache, zinafunga mlango, kisha zinawaacha watu hao wazungumze hadi mtazamaji awafahamu kama anavyowafahamu majirani zake. Hakuna anayeteleza kwenye ganda la ndizi. Unacheka kwa sababu umeshamjua mtu fulani kiasi cha kujua atakachosema kabla hajafungua mdomo, na anapokisema unacheka, na anaposhindwa kukisema unaumia. Sisi ambao tumekulia barazani na vijiweni tunaielewa hali hiyo bila kufundishwa.

Naanza na Desmond's, na mniwie radhi nikikaa hapa kwa muda mrefu kuliko kwingine.

Desmond's ilirushwa na Channel 4 kuanzia mwaka 1989 hadi 1994, ikafikisha misimu 6 na sehemu 71, jambo ambalo ni nadra kwa tamthilia ya vichekesho ya Uingereza. Mahali ni duka la kinyozi huko Peckham, kusini mwa London. Mwenye duka ni Desmond Ambrose, mzee wa Guyana aliyewahi kuimba kalipso, na anayemwigiza ni Norman Beaton, ambaye naye alizaliwa Guyana. Mkewe Shirley anaigizwa na Carmen Munroe. Mtunzi wake ni Trix Worrell, mzaliwa wa Saint Lucia, na yeye mwenyewe amesimulia jinsi wazo lilivyomjia: alikuwa ndani ya basi akielekea kwenye kikao na mtayarishaji Humphrey Barclay, basi likasimama kwenye taa za Peckham, akatazama nje na kuwaona vinyozi wamebandika nyuso zao kwenye kioo cha duka wakiwaangalia wasichana wanaopita. Kufika kikaoni, akaeleza tamthilia ya duka la kinyozi.

Anayejua kwa kinyozi palivyo ataitambua tamthilia hii ndani ya dakika tano za mwanzo. Wanaokaa mle dukani ni wengi kuliko wanaonyolewa. Porkpie, rafiki wa Desmond wa tangu ujana, anayeitwa hivyo kwa sababu ya kofia yake, anashinda pale kutwa nzima na sijui kama kuna siku amelipa. Lee anaingia na bidhaa ambazo hakuna anayethubutu kuuliza zimetoka wapi. Beverley analeta habari za mtaa. Mtoto mkubwa, Michael, amekuwa bwana mkubwa wa benki na hapendi sana watu wajue kwamba alikulia juu ya duka la nywele. Desmond anashika mashine, anamnyoa mtu nusu kichwa, ubishi unaanza, anaiweka mashine mezani ili abishane vizuri kwa mikono miwili, na yule mteja anabaki kitini na kichwa chake cha nusu akisubiri mjadala uishe. Nani kati yetu hajawahi kuwa mteja huyo?

Lakini aliyenifunga kwenye Desmond's ni Matthew, mwanafunzi kutoka Gambia ambaye masomo yake hayaishi, aliyeigizwa na Gyearbuor Asante kutoka Ghana. Kila mara anapotaka kushinda hoja, Matthew anatangaza kwamba upo msemo wa kale wa Kiafrika, na kabla hajaumaliza duka zima linaguna. Sisi ni watu wa "wahenga walisema". Tunamfahamu mzee wa aina hiyo, na wengine tunaelekea kuwa yeye. Sasa mlinganisheni na Mind Your Language, ambayo wengi wetu tuliipenda utotoni. Pale darasani, kati ya mwaka 1977 na 1979, kila mgeni amebeba taifa lake kichwani kama mzigo, na kicheko kinatokana na ulimi wake unaoteleza kwenye Kiingereza. Nilicheka kama kila mtu. Nilipoirudia nikiwa huku, baada ya kuwa mimi mwenyewe ndiye mgeni mwenye lafudhi katika chumba cha watu wengine, kicheko hakikutoka tena kwa wepesi ule. Matthew naye ni mgeni miongoni mwa wageni, maana wale wa Karibiani wanamtania kwa Uafrika wake bila huruma, na tamthilia haifichi kwamba utani huo una mwiba. Ila Kiingereza chake hakina kasoro, elimu yake inawazidi wote mle ndani, na misemo yake ndiyo silaha yake. Anajua watu wataguna, na anausema vilevile. Kwangu mimi yule ndiye Mwafrika wa kwanza niliyemwona katika vichekesho vya Uingereza akiwa na raha ya kuwa yeye.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha: kwa kawaida tamthilia ya vichekesho ya Uingereza huandikwa na mtu mmoja au wawili, nayo huwa na sehemu 6 kwa msimu. Worrell alifuata mtindo wa Marekani wa kuwa na kikundi cha waandishi, akaitumia nafasi hiyo kuwaingiza vijana weusi wajifunze uandishi na kazi nyingine za nyuma ya kamera. Duka lile la maigizo lilikuwa pia karakana ya kweli.

Kutoka Peckham twende kaskazini, Stockport, kwenye baa ndogo inayoitwa The Grapes. Hii ni Early Doors, ya BBC Two, mwaka 2003 na 2004, sehemu 12 kwa jumla. Waandishi ni Craig Cash na Phil Mealey, nao wanaigiza humo kama Joe na Duffy, wateja wa kila jioni. Craig Cash ndiye aliyeandika The Royle Family, tamthilia ya familia inayokaa sebuleni, pamoja na Caroline Aherne, kwa hiyo anayeijua ile ya sebuleni atajua mkono unaoandika hapa ni upi. Hakuna hadhira ya studio wala kicheko cha kukuelekeza wakati wa kucheka, na karibu kila kitu kinatokea ndani ya baa ile au nyumbani kwa mwenyewe, ghorofani. Mwenye baa, Ken, anaigizwa na John Henshaw, mtu mwenye uso ambao unaweza kuutazama nusu saa bila maneno ukaridhika.

Katika Early Doors hakuna kinachotokea, nami nasema hivyo kwa heshima. Watu wanaingia, wanaagiza bia, wanakaa kwenye viti vyao vya siku zote. Askari wawili, Phil na Nige, wanapitia mlango wa nyuma wakiwa na sare zao, wanakunywa bure, wanavuta sigara, kisha wanakumbushana kwamba uhalifu haujipelelezi wenyewe na kuagana bila haraka yoyote. Tommy, mzee bahili kuliko wote, anakaa peke yake akilinda glasi yake kama mtu anayelinda shamba. Na katikati ya yote hayo kuna Ken na Melanie, binti aliyemlea ambaye hakumzaa, na ambaye sasa anataka kumtafuta baba yake mzazi. Ken anasema anamuunga mkono. Macho yake yanasema jambo jingine huku mkono wake ukiendelea kufuta kaunta ambayo imeshakauka. Mwandishi asiyejiamini angempa hotuba pale. Hawa walimpa kitambaa.

Sijui kwa nini Ever Decreasing Circles ilisahaulika, kwa sababu ilipokuwa ikirushwa na BBC, kuanzia 1984 hadi 1989, iliangaliwa na watu wengi sana. Nadhani imefunikwa na kivuli cha The Good Life, maana waandishi ni walewale, John Esmonde na Bob Larbey, na mwigizaji mkuu ni yuleyule, Richard Briers. Katika The Good Life Briers alikuwa mtu ambaye nchi nzima ingependa awe jirani yake. Hapa anakuwa Martin Bryce, jirani ambaye ukimwona kwa dirisha unarudi ndani. Ndiye mwenye kila kamati ya mtaa, ndiye mpangaji wa kila shughuli, mwenye ratiba, fomu na mafaili. Kisha nyumba ya pili inahamiwa na Paul Ryman, mwenye saluni ya nywele, mtanashati, mpole, anayefanikiwa katika kila kitu bila kutoka jasho, na jambo ambalo Martin amelihangaikia miaka kumi Paul analimaliza kwa kupiga simu moja. Ann, mke wa Martin, anayeigizwa na Penelope Wilton, anaona kila kitu na anasema machache.

Nitawaonyesha kitu kimoja tu. Kwenye ukumbi wa nyumba ya Martin kuna simu ya mezani. Kila anapoingia na kuipita, anasimama, anauinua mkono wa simu, anaugeuza, ncha hii ikae ilipokuwa ile, na kuulaza tena. Hasemi neno. Mara ya kwanza unaona ni utani mdogo. Kufikia msimu wa pili unaanza kuisubiri simu ile, na unaanza kuelewa kwamba unamtazama mtu ambaye dunia yote inamponyoka, naye ameshikilia mahali pamoja ambapo bado anaweza kuiweka sawa. Peter Egan, anayemwigiza Paul, anafanya kazi ngumu isiyosifiwa: Paul si mbaya, na angekuwa mbaya hadithi nzima ingekuwa rahisi. Anampenda Martin kwelikweli, na hilo ndilo Martin asiloweza kulisamehe.

Marion and Geoff nitaipitia kwa haraka, kwa sababu ni fupi yenyewe. BBC Two, mwaka 2000, sehemu 10 za takriban dakika 10 kila moja, halafu msimu wa pili wa sehemu ndefu zaidi mwaka 2003. Chumba chenyewe ni gari. Kamera imefungwa mbele ya dereva, na dereva ni Keith Barret, anayeigizwa na Rob Brydon, dereva wa teksi ambaye mkewe Marion amemwacha na kwenda kuishi na Geoff. Keith anatuambia kwamba hana kinyongo, kwamba hakupoteza mke bali amepata rafiki, kwa sababu asingeachwa asingemfahamu Geoff. Anasema hayo akitabasamu. Watoto wake wawili anawapenda kupita kiasi, na kuwaona kwenyewe ni kwa kuvizia. Msiitazame siku ambayo mioyo yenu imechoka.

Na Getting On. Hii ina sehemu yangu binafsi, kwa hiyo mnivumilie.

Ilianza BBC Four mwaka 2009 kwa sehemu 3 tu, ikaendelea hadi 2012. Wameiandika na kuiigiza wanawake watatu, Jo Brand, Joanna Scanlan na Vicki Pepperdine, na msimu wa kwanza uliongozwa na Peter Capaldi. Chumba ni wodi ya wazee katika hospitali ya umma, rangi zimefifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na kamera inatembea korido kwa korido kama muuguzi aliyechelewa zamu. Jo Brand alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye vichekesho, na hilo linaonekana: anavyokunja shuka, anavyosimama, anavyomsikiliza daktari huku akimshika mgonjwa bega. Kwa kazi hii alipata tuzo ya BAFTA mwaka 2011.

Katika sehemu ya kwanza kunaonekana kinyesi juu ya kiti. Muuguzi Kim anataka kufanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya, yaani akifute. Haruhusiwi. Kuna fomu ya tukio la kujazwa kwanza, kuna taratibu, na kuna daktari bingwa anayekitaka kwa ajili ya utafiti wake. Kiti kinakaa vilevile, na wakubwa wanabishana. Mimi nimefanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, kazi ambayo wengi wetu huku tunaanza nayo. Usiku mmoja bibi mmoja aliniomba nimshike mkono kwa sababu alikuwa anaogopa giza, na nilimshika, na asubuhi nikaulizwa kwa nini karatasi za saa nane na saa tisa hazijajazwa. Nilipomwona Kim akitazama kile kiti na kitambaa mkononi nilicheka hadi nikatoa machozi, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Marekani nao walitengeneza toleo lao, lililoanza mwaka 2013 kwenye HBO, na ni zuri. Lakini anzeni na hili la Uingereza.

Roger & Val Have Just Got In, ya mwaka 2010 hadi 2012, nitaitaja tu: Dawn French na Alfred Molina, mke na mume, katika nusu saa ileile ya baada ya kurudi kutoka kazini. Sehemu ya kwanza wanatafuta hati ya dhamana ya mashine ya kufyonza vumbi. Endeleeni nayo, kwa sababu chini ya makaratasi hayo kuna huzuni ambayo wawili hao wanaizunguka kwa miaka, nami sitaitaja hapa.

Karibuni kwa michango.

———

Nimerejea. Nashukuru kwa mapokezi, na nijibu yaliyoulizwa.

Ndugu aliyeuliza kwa nini nimeiacha Detectorists: niliiacha kwa sababu inafanyika nje, mashambani, na nilitaka kubaki na chumba. Ila nakubali kwamba hoja yangu inayumba hapo. Mackenzie Crook ameiandika, ameiongoza na anaigiza humo pamoja na Toby Jones. Ilianza BBC Four mwaka 2014. Wanaume wawili wanatembea shambani na vifaa vya kutambua metali ardhini, wanaokota vizibo vya makopo, na wanazungumza. Mwishoni mwa msimu wa kwanza mtazamaji anaonyeshwa kilichopo chini ya miguu yao ambacho wenyewe hawakioni. Nikifikiria vizuri, shamba lile ni chumba, isipokuwa dari yake ni anga. Iongezeni kwenye orodha.

Dada aliyesema kwamba lafudhi ya Early Doors imemshinda: hujakosea, watu wa Stockport hawamsubiri mgeni. Washa maandishi ya chini kwa sehemu mbili za mwanzo, halafu yazime. Masikio yatazoea, na utani mwingi wa mle unaishi katika namna neno linavyovutwa, kiasi kwamba ukiusoma haubaki nusu yake.

Kaka aliyeuliza kwa nini vituo vyetu havikuzinunua: simo ndani ya ofisi zao, ila naweza kusema ninaloliona. Kituo kinachonunua kipindi kinataka kujaza miezi. Sehemu 12 za Early Doors ni wiki 12, basi, halafu mtazamaji ameshaanza kuzoea na hakuna kinachofuata. Unyonge huo kwa mnunuzi ndio ubora kwa mtazamaji, kwa sababu waandishi waliacha walipomaliza.

Na mzee wangu aliyeuliza kama Desmond hatimaye alirudi Guyana. Shikamoo, na nashukuru kwa swali hilo, kwa sababu hamu ya kurudi nyumbani imepita katika tamthilia nzima, na najua kwa nini umeliuliza wewe uliyeondoka miaka mingi. Sitasema yaliyomo ndani ya hadithi, uyaone mwenyewe. Nitasema ya mwigizaji. Norman Beaton alifariki Georgetown, katika nchi aliyozaliwa, mwezi Desemba 1994, na mwezi huohuo ndipo Desmond's ilipofikia mwisho wake kwenye Channel 4. Alikuwa amefika kwao. Wimbo wa ufunguzi wa tamthilia ile, wenye mahadhi ya soca, muziki wa Karibiani, ameuimba yeye mwenyewe. Ukianza kuitazama, usiuruke.